Shemeji, rudisha hiyo drili

Shemeji,

Picha zako zote tano nimezipata. Nimeuona huo upinde wa zamani wa kurushia mishale, na pembeni ya meza nimeiona pia drili ya jirani, na hapo ndipo chai iliponipalia. Nakuandikia hadharani kwa sababu mwezi huu watu wengine wawili wameniuliza jambo hilohilo, kama waufunge vifaa vipya upinde wa zamani kabla ya kuuuza, nami nimechoka kurekodi sauti za dakika nane. Jina lako silitaji. Dada yangu akisoma hatajua ni mume wa nani aliyetoa dola 60 akarudi nyumbani na kipande cha mti.

Kwanza hongera, maana umeokota kitu. Huo ni Bear Kodiak Magnum, ule mfupi wa inchi 52 ulioanza kutoka mwaka 1961, wa kumfaa mwindaji anayejipenyeza vichakani. Kiwanda kilikuwa Grayling, Michigan. Fred Bear, mwenye kampuni, alikihamishia huko kutoka Detroit mwaka 1947, na hakikuondoka hadi 1978 kilipokwenda Gainesville, Florida. Hayo maandishi ya "Canada 1953" uliyonizungushia duara jekundu yasikupe homa. Ni mwaka wa hataza ya Kanada, yaani haki ya mvumbuzi, si mwaka upinde ulipotengenezwa. Kila mara nakuta mtu anatangaza upinde wa miaka ya sitini kuwa ni wa 1953 kwa sababu ya mstari huo tu.

Sasa mpango wako. Unataka kufunga kifaa cha kulengea kwa skrubu nne, utoboe mbele uweke ile fimbo ya kuutuliza upinde, upige msasa na vanishi mpya, kisha uuze kwa bei ya juu kwa kuwa "una kila kitu". Kwenye bajaji ungekuwa na haki: ukiweka redio na viti vipya, bei inapanda. Mnunuzi wa upinde wa zamani anataka kuukuta ulivyotoka kiwandani. Kila ulichoongeza atakiangalia akijiuliza kimeacha nini kwenye mti siku kitakapotolewa.

Mwaka juzi nilinunua wa kwangu kwenye mnada wa vitu vya marehemu, asubuhi ya mvua, ndani ya gereji yenye taa moja. Dola 45, nikajiona mjanja. Nyumbani nikausogeza dirishani. Upande wa mgongo, juu kidogo ya pale kiganja kinaposhika, kulikuwa na vidoa viwili vya rangi ya biskuti, kila kimoja ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikakwaruza kwa ukucha: unga. Kuna mtu aliwahi kufunga kifaa cha kulengea, akakitoa, akaziba matundu kwa unga wa mbao na gundi, akapaka vanishi juu. Kutoka kwenye tundu la chini ulitoka ufa mwembamba kama unywele ukielekea kwenye faibaglasi. Nilimpelekea mzee mmoja anayekusanya pinde. Aliugeuza, akaweka dole gumba juu ya vile vidoa viwili, akanirudishia, akaanza kuniuliza habari za watoto. Bei hata hakuitaja.

Ule upinde wangu bado unarusha mshale vizuri tu, tena mbali. Lakini anayeutaka ni mtu wa kupigia shabaha, na huyo analipa bei ya kupigia shabaha.

Wazee wetu mafundi walitumia uta, yaani upinde, kuzungushia keke, ile drili yao ya mkono. Wewe umekuja na keke ya umeme kuutoboa uta!

Matundu si yote ya kulaumiwa. Earl Hoyt, mtengeneza pinde wa St. Louis, alipoleta zile fimbo za kutuliza mwanzoni mwa miaka ya sitini, viwanda vilianza kuweka vyenyewe kitundu cha chuma chenye hesi kwenye pinde za mashindano. Tundu la kiwandani ni sehemu ya upinde, halipunguzi kitu. Wako haukutoka nalo, na drili ya jirani si kiwanda.

Msasa unaniumiza zaidi ya skrubu. Uzito wa kuvuta na namba vimeandikwa pale ubavuni, na ukivifuta umefuta cheti cha kuzaliwa. Mikwaruzo iache. Futa vumbi kwa kitambaa laini, basi.

Vitu vinavyofungwa na kufunguliwa bila alama havina neno. Yale manyoya ya kupunguza mlio yaliyo kwenye upote, ile kamba ya upinde, hayo fungua hata leo. Kizulia cha kulazia mshale kimechakaa, kibadilishe. Podo la kubana, ule mfuko wa mishale unaoshikizwa kwenye upinde, sina ugomvi nalo, ila angalia mpira wake: ukikaa miaka mahali pamoja, joto la gereji likiupiga, unanata kwenye vanishi na kuinyofoa. Usiuache upinde umevaa podo kabatini.

Kile kifaa cha zamani cha kulengea ulichoukuta nacho upinde, kilichoshikiliwa na tepu, mshukuru aliyekifunga. Kipashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, uvute taratibu ukifuata urefu wa mti, usivute kwenda juu. Patabaki kivuli cheupe mahali ambapo jua halikufika. Kiache, na thina usiiguse. Kifaa chenyewe usikitupe: kuna wanaovitafuta vifaa vya zama hizo peke yake, na ukikiuza mbali na upinde huenda ukapata zaidi kuliko vikiwa pamoja. Na kama chini ya tepu utakuta skrubu ya zamani, iache humohumo. Mnunuzi anasamehe skrubu anayoiona. Tundu lililofichwa ndilo linalomfanya aanze kuuliza habari za watoto.

Nimesahau upote. Ule mpya uliouagiza, mwembamba, ambao muuzaji amekwambia unaongeza kasi, urudishe. Haunyumbuki, na ncha za pinde za umri huo hazikutengenezwa kuhimili mshtuko wake, zinaweza kupasuka. Tafuta wa dakroni, uzi unaonyumbuka. Ukiacha kizulia, hicho ndicho kitu cha pekee ninachokuruhusu kukinunua, na ni cha bei rahisi kuliko vyote ulivyoniorodheshea.

Kesho asubuhi nipigie picha ya mgongo wa upinde, karibu na dirisha, bila fleshi. Nataka kuona juu ya kiganja. Na drili ya watu irudi kwao usiku huuhuu, kabla hujalala nayo nyumba moja.