Kwa mpwa wangu anayeandika historia ya klabu ya mashua za matanga: usianzie kwenye jengo

Mpwa wangu,

Kurasa ulizonitumia nimezisoma zote, na kabla ya yote nakupa hongera. Historia ya klabu yenu ni kazi ambayo sisi watu wa Mwanza tulipaswa kuifanya zamani, wakati wazee waliokuwa wakiburuta mashua za wanachama pale ufukweni walikuwa bado wengi. Nakujibu hadharani kwa sababu najua wapo wengine Kisumu, Entebbe na Bukoba wenye mawazo kama yako, na ningependa nao wayasikie haya kabla hawajapeleka vitabu vyao kiwandani.

Sura yako ya kwanza inafunguliwa na nguzo ya bendera, ukumbi wa vinywaji na orodha ya viongozi wa mwanzo. Msomaji asiyejua atadhani siku klabu ilipoanzishwa ndipo tanga la kwanza lilipotwekwa katika ziwa hili letu la Viktoria. Si kweli, na wewe unajua si kweli. Klabu ilikuta ziwa lenye mabaharia, lenye mafundi wa mashua, lenye kaburi la zaidi ya mtu mmoja aliyekufa akitafuta njia ya kulivuka. Sura yako ya kwanza ianzie hapo.

Anza na mitumbwi. Baganda na watu wa visiwa vya Ssese waliunda vyombo vya mbao bila msumari hata mmoja. Chini waliweka gogo moja refu lililochongwa, likatokeza mbele kama pua, na juu yake wakapandisha mbao zilizotobolewa matundu na kushonwa kwa nyuzi za mwale. Palipovuja pakazibwa. Mwaka 1875 msafiri Mzungu Henry Morton Stanley alipima mmoja wa mitumbwi hiyo akakuta una urefu wa karibu mita 22, na katika vita vya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, dhidi ya Wavuma, watu wa visiwa vya Buvuma, alihesabu mitumbwi 325. Wanamaji hao walikuwa na mkuu wao, Gabunga, kutoka ukoo wa Mamba. Hawakuwa na matanga, walipiga makafi. Lakini walilijua ziwa: walijua kisiwa gani kina ghuba salama, na mawingu gani yakionekana unageuza chombo bila kuuliza. Ujuzi huo ndio uliowavusha karibu wageni wote waliokuja baadaye na matanga yao.

Sasa njoo Kageye, kijiji cha ufukweni kusini mwa ziwa. Ni karibu na kwenu, wala huhitaji kusafiri siku nzima, na sikuona hata mstari mmoja juu yake katika kurasa zako. Hapo ndipo mashua ya Stanley iliyoitwa Lady Alice iliposhuliwa majini Machi 1875. Iliundwa Teddington, Uingereza, kwenye karakana ya James Messenger, ikiwa na urefu wa futi 40, imegawanywa vipande ili ibebeke. Ilipofika Unguja vipande vikaonekana vizito mno, ikabidi fundi avikate upya. Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ukiwa na watu zaidi ya 350. Ulifika ziwani tarehe 27 Februari 1875, baada ya siku 103 na kama kilomita 1,160, huku wengi wao wakiwa wamekufa au wametoroka njiani.

Hebu kaa kidogo na jambo hilo. Mashua nzima, mataruma (mbavu) na mbao zake, imetembea kutoka pwani hadi Usukuma juu ya mabega ya watu. Imepita Ugogo kwenye njaa, imepita kwenye mvua na homa, na waliokuwa chini yake ni Waungwana wa Unguja, Wanyamwezi na watu wa Mrima. Katika kitabu chako umeandika kwamba mashua za kwanza za klabu "ziliwasili". Neno hilo linaficha mikono yote. Popote ulipoandika chombo kimewasili, nakuomba uulize kimeletwa na nani, kisha uandike jibu.

Stanley alipowauliza watu wake nani atakwenda naye majini, hakuna aliyejitokeza. Sishangai. Watu wa ufukweni walikuwa wamewasimulia habari za ziwa ambalo kulizunguka kunachukua miaka, na makabila ya watu wenye mikia. Mwishowe wakachaguliwa mabaharia kumi na mmoja, usukani ukashikwa na Wadi Safeni, na mwenyeji mmoja aitwaye Saramba akaongoza njia. Walilizunguka ziwa kwa siku 57. Bila shaka jina la Stanley unalo. Majina ya Safeni na Saramba yaandike kwa herufi za ukubwa uleule.

Na usiogope kuandika Bumbire. Mwishoni mwa Aprili wenyeji wa kisiwa hicho waliivuta Lady Alice nchi kavu wakachukua makasia. Safeni na wenzake waliisukuma mashua majini kwa nguvu zao, kisha wakang'oa mbao za sakafuni wakazitumia kama makafi. Hilo ni tendo la ubaharia ambalo kila mwanafunzi wa klabu yenu angepaswa kulijua. Lakini mwezi Agosti Stanley alirudi na mitumbwi ya Mutesa, akasimama mbali na ufuko na kuwapiga risasi watu wa Bumbire. Yote mawili ni historia ya matanga katika ziwa hili. Ukiandika la kwanza ukaacha la pili, watu wa Bumbire watakisoma kitabu chako na kukiweka chini, na watakuwa na haki.

Baada ya hapo ndipo inapoingia Daisy, na hapa nitakaa muda mrefu kwa sababu ndipo roho yangu ilipo.

Daisy ilikuwa mashua ya wamisionari wa Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza. Nayo ilikuja vipande vipande kutoka pwani, ikaungwa Kageye mwaka 1877. Daktari wao, John Smith, alifariki palepale mwezi Mei kabla ya kuiona ikivuka. Luteni Shergold Smith, mwanamaji hasa, aliipeleka hadi Buganda katikati ya mwaka huo. Desemba yeye na mwenzake O'Neill wakauawa Ukerewe, katika ugomvi kati ya Mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Songoro mwenyewe aliuawa siku hiyo. Huyu Songoro nakuomba usimpite. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na sina la kumtetea kwa hilo. Lakini alikuwa pia mtu wa majahazi: Stanley alipofika Kageye mwaka 1875 alimkuta na jahazi linaundwa. Tanga la pembetatu unaloliona leo juu ya mashua za wavuvi, lenye foromali, yaani boriti ya kubebea tanga, ndefu iliyoinama mbele, lina asili ya pwani; limepanda bara pamoja na watu wa namna yake. Historia haituruhusu kuchagua wazazi wa ufundi wetu.

Juni 1878 akafika Alexander Mackay, Mskoti, mhandisi. Akakuta mali ya misheni imetawanyika, na Daisy iko ufukweni imechoka. Akaitengeneza, wakatweka tanga kuelekea Buganda, na njiani dhoruba ikaitupa nchi kavu ikavunjika. Soma walichofanya. Walikata kama futi nane za katikati ya chombo, wakazitoa kabisa. Kisha wakavuta omo (sehemu ya mbele) na tezi (sehemu ya nyuma) vikakutana, na zile mbao za katikati wakazitumia kuziba palipopasuka mbele na nyuma. Kazi hiyo iliwachukua wiki nane. Mashua ikashuliwa tena, fupi kuliko ilivyozaliwa, na Novemba walikuwa Buganda.

Mtu aliyewahi kushika shoka la seremala anaelewa uzito wa uamuzi ule. Ukikata mashua katikati umbo lote linabadilika: mbao zilizopindwa kwa upana fulani sasa zinatakiwa zikutane na nyingine za upana tofauti, na kila kiungo kinakuwa mlango wa maji. Mackay aliendelea kuunda vyombo hadi alipofariki Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890. Kama klabu yenu inatafuta mtu wa kumwita mtangulizi, mimi ningempa yeye nafasi hiyo pamoja na mafundi wasiotajwa majina waliokuwa upande wa pili wa msumeno.

Habari za meli za moshi zipitie upesi; zimeshaandikwa na wengi. Inatosha kusema meli William Mackinnon ilishuliwa Kisumu mwaka 1900, reli ikafika Kisumu Desemba 1901, na tangu hapo Winifred, Sybil na nyingine zikachukua mizigo. Tanga likaachiwa wavuvi. Likaachiwa pia maafisa wa serikali waliotaka kupumzika jioni, na hapo ndipo klabu kama zenu zilipopata mbegu. Uwe mkweli kuhusu nani aliruhusiwa kujiunga. Klabu za namna hiyo katika nchi zetu zote zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa kazi: kuziba nyufa za mashua, kufua maji yaliyoingia ndani, kulinda usiku. Wala usiiandike habari hiyo kwa sentensi moja ya aibu kisha ukakimbilia mashindano.

Kilichozipa klabu ndogo nguvu baada ya Vita vya Pili ni plaiwudi na gundi isiyoharibiwa na maji. Muundaji Mwingereza Jack Holt alichora GP14 mwaka 1949 na Enterprise mwaka 1956, mashua nyepesi ambazo mtu mwenye subira angeweza kuziunda kwenye gereji. Ghafla hukuhitaji karakana kubwa wala meli ya kukuletea chombo kizima. Ulihitaji michoro, mbao na seremala hodari, na maseremala Mwanza haikukosa kamwe.

Halafu upepo. Umeandika kwamba waanzilishi "walipanga" mashindano yaanze mchana. Ratiba hiyo waliikuta. Usiku na alfajiri umande, yaani upepo wa nchi kavu, unavuma kwenda ziwani, ndiyo maana wavuvi hutoka gizani. Jua likipanda, nchi inapata joto kuliko maji, upepo unageuka, na mchana unavuma kutoka ziwani kuja ufukweni kuwarudisha nyumbani. Mvuvi anatumia pande zote mbili. Klabu ilichukua ule wa mchana, wenye nguvu na wa kuaminika zaidi. Mhoji mvuvi mzee akueleze jinsi anavyobisha, yaani kwenda mshazari akipingana na upepo, kurudi nyumbani upepo unapokataa kugeuka, uweke maneno yake jinsi alivyoyasema.

Jambo moja la picha. Ile uliyoweka ya gati lililozama umeieleza kama uharibifu wa dhoruba. Tazama tarehe. Kati ya mwishoni mwa 1961 na katikati ya 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, likameza magati, bustani na nyumba za ufukweni pande zote tatu za mipaka. Kama picha ni ya 1963, dhoruba haina kosa. Wanachama wenu wa leo wataielewa vizuri, maana Mei 2020 maji yalipita hata kiwango kile cha 1964, na waliokuwa na mashua walihamisha kila kitu mara mbili.

Kabla hujaandika upya, fanya haya. Nenda Kageye ukapige picha makaburi na ufuko wenyewe. Mtafute yule fundi tuliyemzungumzia kwenye simu, na umchukulie mtu wa kurekodi, kwa sababu mikono yake inaeleza zaidi ya mdomo. Watumishi wa zamani wa klabu waingie katika orodha yako ya majina, kwa kazi zao, ukiwaomba ruhusa wao au watoto wao kwanza. Sura ya mashindano iache ilivyo. Hiyo umeiandika vizuri na sina cha kuongeza. Ukimaliza sura mpya ya kwanza nitumie hata kabla hujaisahihisha, nami nitaisoma siku hiyohiyo.

Mjomba wako