Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza na Ratiba Mpya ya Kulala

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Muhula wa kwanza tumeufunga salama, tunamshukuru Mungu. Taarifa ya maendeleo ya mwanafunzi imeambatanishwa na barua hii. Isomeni pamoja na mtoto, na msiishie kwenye nafasi aliyoshika darasani. Maoni ya walimu wa masomo yana uzito kuliko namba ile. Masuala ya ada yameelezwa kwenye karatasi ya pili, kwa hiyo sitayarudia hapa.

Kuanzia muhula wa pili, prepo ya usiku itaisha saa 3:00 badala ya saa 4:30. Taa za mabweni zitazimwa saa 3:45 usiku na kengele ya kuamka italia saa 12:00 asubuhi. Prepo ya alfajiri tumeifuta. Wanafunzi wanaoswali alfajiri wataamshwa na patroni na matroni kwa wakati wao kama kawaida, na mapumziko baada ya chakula cha mchana yamerefushwa ili nao wapate lepe la usingizi. Bodi ya shule imeridhia.

Baadhi yenu mmeshanipigia simu mkiuliza: iweje shule ipunguze saa za kusoma mwaka ambao Kidato cha Nne wana mtihani wa taifa mwezi Novemba? Ni swali la haki, na mzazi anayeuliza hivyo anajali. Naomba nijibu kwa kirefu.

Ninapokagua madaftari ya Kidato cha Nne, hasa ya vipindi viwili vya kwanza, ninakuta jambo lilelile. Mwandiko unaanza vizuri, mistari mitatu minne ya Kemia imenyooka. Kisha herufi zinalegea, zinapandana, na mwisho kalamu inaacha mkwaruzo mrefu unaoteremka hadi nje ya ukurasa. Hapo ndipo mtoto aliposinzia. Na wengi wao si wavivu. Ni walewale wanaokuwa wa kwanza kufika prepo ya alfajiri. Aliyelala saa 5:00 usiku akaamka saa 10:00 alfajiri amepata saa tano tu. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10.

Huko Ujerumani yupo mwanasayansi wa ubongo anayeitwa Jan Born, aliyefanya kazi Lübeck na baadaye Tübingen. Kwa miaka mingi ameshughulikia swali moja: ubongo unayafanyia nini masomo ya mchana wakati mtu amelala? Mwaka 2007 yeye, Björn Rasch na wenzao walichapisha jaribio ambalo nimewasimulia walimu wangu wote. Watu walikaa mbele ya kompyuta jioni wakijifunza mahali zilipo jozi 15 za kadi, ule mchezo wa kufunua kadi mbili zinazofanana. Wakati wakijifunza, walinusishwa harufu ya waridi. Wakaenda kulala, na walipozama kwenye usingizi mzito wakanusishwa tena harufu ileile bila kuamshwa. Walipoulizwa baada ya kuamka, walikumbuka kama asilimia 97 ya zile walizokuwa wamezishika jioni. Usiku ambao waliletewa hewa isiyo na harufu, walikumbuka kama asilimia 86. Picha za ubongo zilionyesha kwamba harufu ile iliichangamsha hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, ilhali mwenyewe amelala fofofo. Harufu hiyohiyo ilipotolewa katika usingizi wa ndoto, haikusaidia kitu.

Waridi si dawa, na siwaombi mnunue manukato. Harufu ilitumika kuukumbusha ubongo somo la jioni, basi. Kilichonigusa ni kwamba somo lile lilikuwa linapitiwa upya usiku, na mwanafunzi hana habari. Born na wenzake wanaeleza kwamba hipokampasi hushika mambo kwa haraka lakini kwa muda. Katika usingizi mzito huyarudia na kuyapeleka kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, yakakae. Ni kama mwenye duka anayeandika mauzo ya mchana kwenye vipande vya karatasi, kisha usiku akayahamishia kwenye daftari kubwa. Usingizi huo mzito huja zaidi katika nusu ya kwanza ya usiku, na ndiyo sababu nataka taa zizimwe mapema. Usingizi wa ndoto huongezeka kuelekea asubuhi, na huo nao prepo ya alfajiri ilikuwa ikiukata.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kukariri tu. Mwaka 2004 timu ya Born iliwapa watu hesabu za tarakimu zilizofuata kanuni mbili, hatua kwa hatua, hadi jibu la mwisho. Ndani yake mlikuwa na njia ya mkato ambayo hawakuambiwa: jibu la pili lilikuwa sawasawa na jibu la mwisho. Baada ya mazoezi ya awali, wengine walilala kwa muda wa saa nane, wengine wakakaa macho muda huohuo. Waliolala, watu 13 kati ya 22 waliigundua njia ile. Waliokesha usiku walikuwa 5 kati ya 22, na waliokaa macho mchana vilevile 5 kati ya 22. Walimu wetu wa Hisabati wameibandika habari hii kwenye ubao wa matangazo, nami nimefurahi.

Yupo pia Robert Stickgold wa Harvard. Mwaka 2000 yeye na wenzake waliwafundisha watu zoezi la kutambua maumbo kwa haraka, kisha wakawanyima usingizi usiku wa kwanza tu. Watu hao walilala vizuri usiku mbili zilizofuata, lakini hawakuonyesha maendeleo yoyote. Ndiyo maana siwezi kukubali hoja ya "atalala mtihani ukiisha".

Haya yote hayamsaidii asiyesoma. Kisichoingia mchana hakina cha kupitiwa usiku, na prepo itakayobaki tutaisimamia kwa ukali.

Sasa ninawaomba msaada wa likizo. Simu ilale chumbani kwenu, si chini ya mto wa mtoto. Kama mnampeleka tuisheni, chagueni ya asubuhi au mchana. Ile inayomrudisha nyumbani saa 4:00 usiku haimfai. Najua nyumba ambazo binti huamka saa 10:00 alfajiri kusaidia vitumbua vya biashara, na najua kwamba ada inatoka hapo. Sisemi aache kumsaidia mama yake. Naomba jioni vyombo vioshwe na mwingine, huyo awe kitandani saa 2:00.

Jambo moja zaidi, halina gharama. Mwaka 2011 timu ya Born ilionyesha kwamba watu walioambiwa baada ya kujifunza kuwa wataulizwa tena, kisha wakalala, walikumbuka vizuri kuliko waliolala bila kutarajia swali. Kwa hiyo mtoto akimaliza kujisomea jioni, mwambieni: "Kesho asubuhi utanieleza ulichosoma." Mzazi ambaye hakusoma somo hilo anaweza kabisa kufanya hivyo, mradi asubuhi amuulize kweli na amsikilize hadi amalize.

Shule itafunguliwa tarehe iliyoandikwa kwenye taarifa ya mwanafunzi. Wa bweni wawe wamefika kabla ya saa 10:00 jioni, kila mmoja akiwa na shuka mbili na chandarua kisichotoboka. Vyandarua tutavikagua getini, na mzazi ambaye hajaweza kupata kingine anione ofisini mapema ili tusaidiane.

Wenu katika malezi ya watoto,

Mkuu wa Shule