Barua ya Wazi kwa Mafrateri Wanaokaribia Daraja Takatifu

Wanangu mafrateri, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni katekista wa kigango kwa miaka mingi, na kabla hamjawekewa mikono naomba mnisikilize juu ya Toribio de Mogrovejo, Askofu Mkuu wa Lima, nchini Peru. Alizaliwa Mayorga, Hispania, mwaka 1538, akasomea sheria. Alikuwa bado mlei, mwamuzi katika mahakama ya Kanisa mjini Granada, Mfalme Felipe II alipompendekeza, ikabidi apewe madaraja yote kwa haraka.

Alifika Lima mwaka 1581, na mwaka uliofuata akafungua Mtaguso wa Tatu wa Lima, yaani mkutano wa maaskofu, ulioagiza kwamba wenyeji wafundishwe sala na katekisimu kwa lugha zao, wasilazimishwe kuzikariri kwa Kihispania. Katekisimu hiyo ilichapwa palepale Lima mwaka 1584: Kihispania juu ya ukurasa, na chini yake Kikechua na Kiaymara katika safu mbili zilizokaa bega kwa bega. Kila niuwazapo ukurasa ule namkumbuka bibi mmoja wa kigango chetu ambaye, baada ya mahubiri yaliyojaa maneno ya darasani, alinishika mkono chini ya mwembe akaniuliza polepole, “Katekista, leo tumeambiwa nini?” Nilikosa la kumjibu. Msinirudishe pale.

Mtaguso huohuo uliwakataza mapadre kufanya biashara, kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa, nao wakakata rufaa hadi Madrid na Roma. Roma ikayaidhinisha maagizo ya Mtaguso. Sifichi kwamba Toribio kiti chake alikipata kwa mkono wa dola iliyowanyang'anya wenyeji ardhi yao. Lakini hakukikalia. Ziara yake ya kwanza ya kichungaji, iliyoanza mwaka 1584, ilimchukua miaka sita hivi katika njia za milima ya Andes, kwa nyumbu na kwa miguu, hata mwakilishi wa mfalme akalalamika kwamba askofu haonekani mjini.

Kwa hiyo mtakapopangiwa parokia, ulizeni kwanza vigango vya mbali viko wapi, na njia ya kufika huko mvua ikinyesha ni ipi. Toribio alifariki Alhamisi Kuu, tarehe 23 Machi 1606, katika mji mdogo wa Saña, kaskazini mbali na kanisa kuu lake, akiwa ziarani.