Barua ya wazi kwa nduyangu wa Lamu: waache watoto wasikilize kwa miguu

Nduyangu mpendwa, salaam aleikum.

Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu swali ulilonitumia wameniuliza kina mama wengi, wa hapa Malindi na wa huko kwenu. Umeambiwa kuna diski za Mozart, yule mtunzi wa muziki wa Ulaya wa zamani, zinauzwa, bei yake si ya mchezo, na kwamba ukiwawekea watoto kila usiku wakiwa wamelala watainukia na akili kali za darasani. Unataka nikwambie ununue au uache.

Acha. Lakini muziki wenyewe wawekee, tena usingoje. Ila wawekee wakiwa macho na wamesimama, na habari za mitihani ziondoe kabisa.

Maneno hayo ya akili yana asili yake. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwasikilizisha wanafunzi 36 sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, kisha wakawapa mafumbo ya kukisia karatasi iliyokunjwa na kukatwa itakuwaje ikikunjuliwa. Baada ya Mozart walifumbua vizuri kidogo kuliko baada ya kukaa kimya. Faida hiyo ikadumu dakika 10 hadi 15, ikaisha. Wote walikuwa watu wazima wa chuoni, hapakuwa na mtoto hata mmoja. Maneno yakasafiri, yakanenepa njiani, hata 1998 gavana wa jimbo la Georgia huko Marekani, Zell Miller, akaomba fedha za serikali ili kila mtoto anayezaliwa apewe rekodi ya muziki huo. Wafanyabiashara nao hawakulala. Ndipo habari ikakufikia wewe mtaani kwenu Langoni, miaka yote hii baadaye, ikiwa na bei juu yake.

Sasa nikupe utafiti mwingine, ambao hakuna anayekuuzia. Mwaka 2005 Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor, wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, waliwasikilizisha watoto wa miezi 7 mdundo usio na mkazo popote, ambao huwezi kujua kama unakwenda mbilimbili au tatutatu. Huku mdundo ukipigwa, watoto wengine walirushwarushwa mikononi kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu, kwa dakika 2 tu. Baadaye wakasikilizishwa midundo yenye mkazo, wa mbili na wa tatu. Wakawa wanausikiliza kwa muda mrefu zaidi ule uliolingana na walivyorushwa. Waliofungwa macho, ikawa vilevile. Lakini waliomtazama tu mtu mzima akirukaruka, wao wenyewe wasirushwe, hawakuonyesha tofauti yoyote.

Hapo rudia kusoma, nduyangu. Sauti ilikuwa ileile kwa wote. Kilichowafundisha kuisikia kwa namna hii au namna ile ni mwili. Nawe ulilelewa hivyohivyo bila kufundishwa na chuo chochote: mama alikuwa akienda kwenye vugo, ngoma ya wanawake ya arusini, na wewe kiunoni, pembe za nyati zinagongwa, yeye anayumba, nawe unayumbishwa. Wanao pia wameyaona Maulidi pale msikiti wa Riyadha, wameona safu ya watu na fimbo zao, na wanajua kwamba tari likibadilika mabega hubadilika. Kwa hiyo usidhani unawaanzisha patupu. Masikio wanayo. Unachowapa ni kitu kipya cha kusikiliza.

Ndiyo maana sikubali mtoto wa miaka mitatu aketishwe mkekani, mikono mapajani, aambiwe "nyamaza, sikiliza". Akitulia namna hiyo anasikiliza amri yako, muziki unampita.

Yuko mwalimu wa Uswisi aliyeliona hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita, jina lake Émile Jaques-Dalcroze, aliyeishi 1865 hadi 1950. Alipoanza kufundisha kwenye konsavatori (chuo cha muziki) ya Geneva mwaka 1892 alikuta wanafunzi wanaoandika nota safi kwenye karatasi bila kuzisikia kichwani, na wengine wenye vidole vyepesi kwenye piano lakini mdundo unawaponyoka. Kumbe haohao wakitembea njiani hatua zao hazikosei. Akawavua viatu akawatembeza: yeye anapiga piano, wao wanafuata kwa miguu, akiharakisha wanaharakisha, akinyamaza wanasimama hapohapo. Mwaka 1911 akapata shule nzima ya kazi hiyo huko Hellerau, karibu na Dresden, Ujerumani. Na jambo moja hunifurahisha sana: mwaka 1886, akiwa kijana, aliwahi kufanya kazi na okestra ya ukumbi mmoja wa maonyesho mjini Algiers, na midundo ya Waarabu aliyoisikia huko haikumtoka. Kwa hiyo ukiwatembeza wanao pekupeku kwenye kiwanda cha nyumba, ule uwanja wa ndani, hufanyi jambo la kigeni kama unavyodhani.

Kiwanda chenu kinatosha, tena kinapendeza kwa kazi hii. Zile kuta za mawe na chokaa zinarudisha sauti vizuri, kwa hiyo spika ndogo inaenea bila kupigiwa kelele. Ondoa ndoo na mikungu ya ndizi, watoto wawe miguu mitupu, simu iweke kifudifudi juu ya dirisha. Kifudifudi, nasisitiza. Wakiona picha inacheza miguu inakufa, macho yanakula kila kitu.

Anza na punda.

Mfaransa Camille Saint-Saëns alitunga mwaka 1886 mkusanyo wa vipande 14 vifupi vya wanyama, ambao wote pamoja hauzidi nusu saa. Alikataa usichapishwe akiwa hai, isipokuwa kipande kimoja cha bata-maji. Akafariki 1921, na mwaka uliofuata ukachapishwa. Humo mna kipande alichokiita "Watu wenye masikio marefu", hakifiki hata dakika moja. Fidla mbili tu. Moja inapiga kelele nyembamba juu kabisa, kisha sauti inaporomoka chini kwa mkwaruzo, na ya pili inajibu. Mtoto wa London huenda akahitaji kuelezwa ni mnyama gani. Mtoto wa Lamu, anayepishana na punda kila akitumwa dukani, anajua kabla hujafungua mdomo. Usiwaambie jina. Weka, kisha watazame. Yule mwanao mkubwa nadhani atainua shingo na kuvuta pumzi kwanza, kwa sababu punda ndivyo alivyo, anaanza na ile pumzi ya kuingiza ndiyo mlio unafuata, na fidla zinafanya hivyohivyo. Wawekee tena. Na tena. Mara ya tatu waulize punda huyu amebeba nini, amechoka au ana hasira. Katika mkusanyo huohuo mna punda-mwitu pia, piano mbili zinakimbia pamoja juu na chini kwa kasi isiyopumua, na hapo utapata mbio za kiwanda kizima. Watembeze baina ya hao wawili: punda wa mzigo, punda-mwitu, punda wa mzigo. Tayari wamejifunza kasi na polepole, juu na chini, na hujatamka hata neno moja la ufundi.

Kisha kobe. Saint-Saëns alichukua dansi maarufu ya mtunzi Offenbach, ile ya haraka ya wasichana wa Paris kurusha miguu, akaipunguza mwendo mpaka ikawa inatambaa. Darasani kwangu yupo mtoto wa miaka minne ambaye hakai kitini. Mama yake alishakata tamaa, na kila mtu humwita mtundu. Nilipoweka kobe, alilala kwa tumbo kwenye sakafu, akasogeza mkono mmoja, akangoja. Akasogeza goti, akangoja. Alivuka chumba hivyo mpaka kipande kikaisha, mdomo umefumbwa, macho kwenye spika. Simjui mwalimu aliyewahi kumtuliza mtoto huyo kwa maneno. Aliyemtuliza ni muziki uliompa kazi ya kufanya na mwili wake.

Wakishazoea vifupi, watie baharini. Mrusi Nikolai Rimsky-Korsakov alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji kabla ya kuwa mtunzi tu, kwa hiyo bahari aliijua kwa mwili. Mwaka 1888 alitunga Scheherazade kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, na sehemu ya kwanza ni bahari na jahazi la Sindbadi. Mwanzoni kuna sauti nzito ya kutisha, ndiye sultani. Kisha fidla moja peke yake, laini, ndiye yule mwanamke anayesimulia ili asiuawe. Baada yake maji yanaanza kupanda na kushuka. Sehemu hiyo ina kama dakika 10, ndefu mno kwa mwanao mdogo. Cheza dakika tatu au nne, kisha ishushe sauti taratibu. Waketi mmoja nyuma ya mwenzake kwenye mkeka kama wako ndani ya mashua, wayumbe pamoja. Mpe mkubwa leso aishike kama tanga. Wote wawili wameshavuka kwenda Shela wakati wa kusi, wanajua mashua inavyoinuka na tumbo linavyobaki nyuma. Utaona wimbi la okestra linapokua, wenyewe watainama zaidi bila kuambiwa. Usiku ukiwahadithia Sindbadi, hiyo fidla ya yule mwanamke itakuwa tayari iko masikioni mwao.

Kuna kimoja kingine, cha Edvard Grieg wa Norwe, alichokitungia mchezo wa kuigiza wa Peer Gynt uliooneshwa mara ya kwanza mwaka 1876. Kiko kwenye pango la mfalme wa mlimani. Kinaanza kwa kunyatia, chini kabisa, na wimbo uleule unarudiwa kwa nguvu zaidi na kasi zaidi mpaka mwisho ni vurugu tupu. Dakika mbili na nusu hivi. Wanyate, wainuke, wakimbie, na pigo la mwisho wote chini. Hiki usikiweke karibu na wakati wa kulala.

Utaniuliza kwa nini muziki wa Ulaya, nasi tunao wetu. Wetu ubaki mbele, sina ubishi. Ninachoupendea huu kwa watoto wadogo ni kwamba ndani ya kipande kimoja sauti inapungua mpaka inataka kupotea, inarudi, inasimama, inageuka. Nyimbo zinazopigwa kwenye spika za arusi siku hizi nyingi zina pigo moja na nguvu moja toka mwanzo hadi mwisho, na sikio la mtoto likizoea hilo tu linakuwa vivu. Tena vipande hivi nilivyokutajia havina maneno, kwa hiyo hadithi ni yao wenyewe.

Umeniambia mama mkwe wako ana wasiwasi kwamba ni muziki wa kanisani. Nenda kaketi naye kabla ya yote, umsikilizishe punda na bahari, umweleze ni hadithi za wanyama na za Alfu Lela Ulela. Akiridhika, alhamdulillahi. Ikiwa bado moyo wake haukubali ala hizo nyumbani kwake, usishindane naye mbele ya watoto. Yale ya kutembea, kusimama na kubadili mwendo yanafanyika kwa makofi na tari na sauti yako mwenyewe, na faida yake ni ileile kwa miguu yao. Wakati mzuri ni baada ya alasiri, dakika 10 au 15, na adhana ya magharibi ikikaribia mnazima na kuoga miguu.

Sauti iwe ya kuzungumzika. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidishe desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, lakini huhitaji kipimo: ukilazimika kupaza sauti ili mtoto aliye karibu nawe akusikie, punguza. Visikizi vya masikioni usiwape kabisa. Na ngoma nzito za mtaani usizifanye kisingizio cha kuongeza. Siku ya kelele, acheni.

Mdogo akikataa kucheza, mwache aangalie kutoka kwenye daka la mlangoni. Wengine huangalia kwa wiki nzima kisha wakaingia wenyewe. Usimvute mkono, wala usimsahihishe mkubwa akikosea mdundo. Tembea wewe mwenyewe kwa mdundo, yeye atakuona. Ndiyo, ucheze nawe. Mama akiketi na simu yake watoto wanafahamu kuwa hili ni jambo la kuwapumbaza tu.

Spika ndogo na kadi yenye rekodi nimempa mwenzangu anayepanda basi la Mokowe Jumamosi, atavuka nayo kwa boti. Mtu akampokee gatini. Kwenye kadi nimeviweka kwa mpangilio: punda, punda-mwitu, kobe, bahari, pango la mfalme. Cha mwisho ni yule bata-maji, selo moja, ile fidla kubwa ya sauti nzito, inaimba polepole juu ya piano, hicho ni cha kuwalaza, na hapo hawana haja ya kusimama. Ukishawawekea wiki moja, nirekodie sauti ya mkubwa akinieleza punda alikuwa amebeba nini.