Malalamiko kuhusu mafuta ya ngozi yaliyoharibu matandiko ya farasi

Malindi, 10 Juni

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Bwana/Bibi,

KUH: MAFUTA YENU YA KUTUNZIA VITU VYA NGOZI

Naandika kwa sababu ya maneno manne yaliyo kwenye kopo lenu: "Hakuna haja ya kuosha."

Natunza farasi hapa Malindi, na huu ni mwaka wangu wa 14. Mwezi wa Machi nilinunua makopo manne ya mafuta yenu katika duka moja la Mombasa, kila kopo Sh1,450. Nakala ya risiti imo ndani ya kifurushi hiki.

Kabla ya hapo nilifanya kama nilivyofundishwa. Farasi akirudi kutoka ufukweni, bizimu zote hufunguliwa na kila mkanda hupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya mfereji. Ya kisima hapana, maana visima vyetu vingi vina chumvi. Kisha sabuni ya matandiko, povu kidogo tu, na ngozi huachwa ikauke kivulini, si juani wala karibu na jiko. Ikishakauka, hupakwa mafuta kidogo ya kwato za ng'ombe upande wa ndani, na nta juu. Ni kazi ya saa nzima kwa tandiko moja. Kopo lenu liliniahidi kuniokolea saa hiyo, nami nikaliamini. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Chumvi ya bahari huingia kwenye ngozi pamoja na jasho la farasi, tena huvuta unyevu wa hewani. Ukipaka mafuta mazito juu yake bila kuosha, umeifungia ndani. Huko ikikauka inakuwa chembe, ikipata unyevu inayeyuka, na kila mara inazidi kuila ngozi na uzi wa mshono. Yeyote aliyewahi kufanya kazi hii pwani angewaambia hivyo kama mngemuuliza.

Kufikia katikati ya Mei, masika yamekolea na Mto Sabaki umeshaitia bahari rangi ya matope, matandiko yalikuwa yameota koga hadi mikunjoni. Buti zangu za kupandia, nilizozitunza miaka sita, zilifanya utando mweupe kwenye vifundo na sasa hazishiki rangi. Kiwi inateleza tu. Hayo ningeyavumilia.

Tarehe 28 Mei mkanda wa kikuku cha kushoto, yaani ule unaoshika chuma cha kukanyagia mpandaji, ulikatika, na juu ya farasi alikuwa mtoto wa miaka 11. Aliangukia mchanga laini na farasi akasimama papo hapo. Hakuumia, alhamdulillahi. Lakini mama yake alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, na uso wake sijausahau.

Niliuchukua ule mkanda nikauangalia. Ulikatikia penye mkunjo, pale chuma cha kikuku kinaponing'inia. Juu ulikuwa unang'aa kama mpya. Nilipoukunja kwa kidole ngozi ilifunguka kama mkate mkavu, na ndani mlikuwa na unga mweupe. Nikauonja: chumvi. Fundi viatu wa sokoni alipitisha msharasi, ile sindano yake nene ya kutobolea ngozi, kwenye mshono wa mkanda wa pili, na uzi ukatoka vipande vipande.

Nataka mnilipe gharama ya jozi tatu za mikanda ya vikuku, mshipi mmoja wa tumbo la farasi na buti. Hesabu ya fundi nimeiambatanisha. Zaidi ya pesa, nataka yale maneno manne yaondolewe kwenye kopo na mahali pake muandike kwamba ngozi ioshwe kwanza jasho na chumvi. Muandike pia mafuta hayo yametengenezwa kwa kitu gani, kwa sababu sasa kopo halisemi kama ni ya mnyama au ya petroli. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa na maelezo ya kumwezesha kufaidika nayo. Mimi sikupata lolote kati ya hayo mawili.

Kipande cha mkanda uliokatika kimo humu ndani. Tafadhali kikunjeni kwa mikono yenu kabla ya kunijibu. Nasubiri jibu ndani ya siku 14.

Wenu mwaminifu,
Mtunza farasi, Malindi