Kabla ya kumuuliza mtoto babake ni nani

Mhariri,

Msomaji mmoja majuzi alitaka nafasi za vyuo vikuu zitengewe watoto wa mama mboga na wa watu wa mjengo, kama walivyofanya Warusi. Uchungu wake naufahamu. Ila Warusi walifanya mambo mawili, naye amelishika lile baya.

Agosti 1918 serikali ya Lenin ilitangaza kwamba yeyote aliyetimiza miaka 16 anaweza kuingia chuo kikuu, bila karo wala cheti. Watu wakafurika. Lakini mtu aliyeacha shule akiwa mdogo aende kiwandani, fizikia ya chuo ataifuata vipi? Ndiyo maana mwaka uliofuata vilianzishwa vitivo vya wafanyakazi, rabfak kwa lugha yao: miaka mitatu kwa wa mchana, minne kwa wa jioni, mtu anafundishwa kuanzia pale alipoachia, na wengi wakipewa posho. Khrushchev mwenyewe, aliyekuja kuiongoza nchi hiyo, alipitia huko.

Jambo la pili lilikuwa kuchuja watu kwa nasaba. Mtoto wa kasisi au wa mfanyabiashara alifungiwa mlango, na mwaka 1924 hata waliokwisha kuingia walifukuzwa kwa maelfu. Watu wakabuni mbinu. Kuna walioenda kiwandani kwa muda ili waitwe wafanyakazi, na kuna waliowakana wazazi wao magazetini. Vikwazo hivyo viliondolewa 1935. Miaka mitano baadaye karo ikarudishwa, mpaka katika madarasa ya juu ya sekondari!

Mbinu hizo hatuhitaji kuzifuata Moscow. Nafasi za shule za kitaifa zilipogawanywa upya 2011 kwa kupendelea shule za umma, hapa mtaani kwetu niliona watoto wakisoma akademia za kibinafsi huku majina yao yamesajiliwa shule ya umma.

Mimi hufundisha ngumbaru, Jumanne na Alhamisi jioni. (Chaki najinunulia, lakini hayo tuyaache.) Mwanafunzi wangu hodari kwa hesabu ni kijana wa mjengo mwenye miaka 31. Siku ya kumwaga slabu simwoni, na siku nyingine huja na simiti kwenye nywele, akasinzia kabla hatujamaliza zoezi la pili. Babake hajawahi kuwa kizuizi. Kama serikali ina pesa za kusawazisha matabaka, imlipe huyu posho ya mwaka mmoja apumzike na toroli. Maandalizi ya mtihani atakaoufanya nitayasimamia mwenyewe, bure.

Mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi