Jirani wa 4294967296

Swahiba,

Salamu nyingi, uwafikishie na wote hapo nyumbani. Uliomba namba ya kuwapasua vichwa wanafunzi wako, wale wanaodhani namba kubwa isiyogawanyika kwa 3, 5 wala 7 basi ni tasa. Wape hii: 4294967297.

Hiyo ni 2³² ukiongeza 1. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati kwa mapenzi tu, aliamini ni tasa, tena alikuwa na sababu. Ipandishe 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara uongeze 1. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65537, zote tasa. Nani asingeiamini inayofuata? Ikapita karibu karne nzima, hadi mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alipoonyesha kuwa ni 641 × 6700417.

Wasianze kujaribu namba tasa zote tangu 3, watakesha. Euler alithibitisha pia kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Basi za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu, imenasa!

Mimi napenda zaidi njia isiyohitaji kugawanya kabisa. Tazama: 641 ni 640 + 1, lakini pia ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Izidishe kwa 2²⁸, upate 640⁴ + 2³². Sasa, 640² − 1 ni 639 × 641, kwa hiyo 640⁴ − 1 nayo inagawanyika kwa 641. Toa hiyo katika ile ya kwanza: kinachobaki ni 2³² + 1. Namba mbili zote zinagawanyika kwa 641, basi na tofauti yao vilevile. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Jirani wa upande wa pili wa 2³², yaani 4294967295, ana vituko vyake: ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537, zilezile tano za Fermat, kila moja mara moja. Namba hizo zina kazi hata katika kuchora maumbo: mwanahisabati Gauss, kijana wa miaka 18, aligundua mwaka 1796 kwamba umbo la pande 17, pande zote sawa na pembe zote sawa, linachoreka kwa rula na bikari. Katika maumbo ya aina hiyo yenye pande witiri tunayojua yanachoreka hivyo, lenye pande nyingi kuliko yote lina pande 4294967295. Usilijaribu ubaoni.

Tasa ya sita ya Fermat hakuna aliyeipata hadi leo.

Ile dokezo la 64 usiwape siku ya kwanza, waache wahangaike kidogo. Na atakayefika 641 bila kikokotoo, niandikie alipitia njia gani.

Wako wa siku zote.